Kama mshindi alishapangwa, kutoshana nguvu kuna raha gani?

*"Mwalimu, shikamoo. Naishi Leeds, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja ninayekwenda kwake ana video nyingi za mieleka ya zamani ya Waingereza, na nikishamaliza kumpa chai hupenda tuziangalie pamoja. Mimi nimekulia mieleka ya Kimarekani, ya majitu na makelele. Hizi zake ni wanaume wawili wa kawaida tu, wanapeana mikono, wanapindana viwiko, dakika zinakwenda, mwisho wanatoka sare na ukumbi mzima unapiga makofi. Siku moja nikamwambia: 'Mzee, si yamepangwa haya? Sasa raha iko wapi watu wawili wakitoshana nguvu kwa kupangiwa?' Akanuna, siku ile hakunisemesha tena. Naomba unieleze alikuwa anaona nini ambacho mimi sikioni. Jambo lingine, mwanangu wa miaka 14 ameanza kuiga zile kabari sebuleni, na hukaa 'daraja' akiwa amesimamia kichwa na miguu. Nimwache?"*

Marahaba, dada yangu. Nitaanza na mzee, lakini la kijana lisisubiri: leo hii mwambie aache lile daraja la shingo. Sababu utazikuta huko mbele.

Ulichomwambia mzee hakikuwa uongo. Yalipangwa. Nani ashinde, na mara nyingi ashinde kwa njia gani, vilishakubaliwa kabla kengele haijalia. Jackie Pallo, mmoja wa nyota wakubwa wa enzi hizo, aliyaandika hayo waziwazi baada ya kustaafu, na wenzake wengi wakamnunia. Mashabiki nao hawakuwa wajinga. Wengi walijua au walihisi. Kwa hiyo sidhani mzee alikasirika kwa kuambiwa siri. Nadhani kilichomchoma ni pale ulipouliza raha iko wapi, kana kwamba mtu akishajua mwisho hana tena cha kutazama.

Na hapo ndipo ninapotaka kukurekebisha. Wewe unalitazama pambano la watu wanaolingana kama shindano lililoondolewa ukweli wake. Mzee hatazami shindano. Akimwona mtu amenaswa mkono, haulizi nani atashinda. Anauliza: atatokaje hapo? Swali hilo linajibiwa mbele ya macho yake, kwa mwili, na mwili haudanganyi kirahisi. Unaweza kupanga kwamba fulani ashinde raundi ya tano. Huwezi kupanga kwamba mtu asiyejua kubingirika abingirike.

Chukua mshiko mmoja tu, ule wa kifundo cha mkono, maana utauona karibu katika kila video ya huyo mzee. Wa kwanza anamshika mwenzake kifundo kwa mikono yote miwili, anapita chini ya mkono ule na kuusokota kwa nje. Kiwiko kinafuata, bega linafuata, na mtu anajikuta ameinama upande mmoja akisimamia ncha za vidole. Akipinga kwa nguvu anajiumiza, kwa sababu kila akivuta anaongeza msokoto. Njia ya kutoka ni kuufuata mkono kule unakopelekwa: anajitupa mbele, anabingirika juu ya bega, msokoto unafunguka wenyewe, anainuka bado ameshikwa lakini mkono umenyooka. Sasa kifundo cha aliyemshika kiko mbele yake, naye anakigeuza. Mambo yamepinduka, na hakuna aliyepigwa hata kofi.

Ukiishia hapo umeona mbinu moja. Utamu unaanza mara ya pili. Yule wa kwanza anarudi kwenye mshiko uleule, ila safari hii anatanguliza goti ili bega la mwenzake lisipate njia ya kubingirika. Ile njia imefungwa. Ukumbi unanyamaza, watu wanaegemea mbele. Aliyeshikwa analala chali kwa hiari yake, anapandisha mguu, kisigino kinanasa nyuma ya shingo ya mshikaji, na mshikaji anavutwa mpaka chini. Makofi. Mara ya tatu atafanya nini? Hapo kila mtu ukumbini ameshakuwa mwanafunzi wa mshiko mmoja. Ameona umefungwa mara mbili na kufunguliwa mara mbili, na anajua vya kutosha kushangaa akiona njia ya tatu.

Dada, wewe umekulia kwenye lugha yenye majibizano, kwa hiyo hili halitakuwa geni kwako. Malenga wawili wakijibizana, hatuketi kusubiri mmoja auawe. Tunasubiri kuona ubeti utajibiwa vipi ndani ya vina vilevile, na mmoja akiwa hafifu utamu unakatika, hata kama yule hodari anaimba vizuri namna gani. Katika mieleka ni vivyo hivyo. Mtu wa kilo 120 akimshika wa kilo 70, hakuna jibu linalohitajika. Anambana tu, basi. Hodari hahitaji akili, na mnyonge hana pa kuitumia aliyo nayo. Wakilingana ndipo kila hatua inapodai jibu.

Usawa huo haukutokea kwa bahati. Katika miaka ya 1930 mieleka ya kulipwa Uingereza ilikuwa vurugu: viti, damu, vituko vya kila aina, mpaka mwishoni mwa muongo huo mamlaka za London zikaipiga marufuku. Baada ya vita, mwaka 1947, kamati iliyobeba jina la Admirali Lord Mountevans ilitunga kanuni mpya ili biashara irudi ikiwa na heshima. Mwaka 1952 mapromota wakubwa wakaungana chini ya Joint Promotions, na mwaka 1955 televisheni ya ITV ikaanza kuionyesha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa sehemu ya kipindi cha michezo cha Jumamosi, World of Sport, kuanzia saa kumi jioni, watu wakisubiri matokeo ya mpira. Mzee wako huenda alikuwa mmoja wa hao.

Zile kanuni ndizo ninazotaka uzielewe, kwa sababu bila kuzijua utaona watu wanapoteza muda. Waligawanywa kwa uzito. Uzito mwepesi uliishia stoni 11, yaani kama kilo 70. Pambano lilikwenda kwa raundi, mara nyingi za dakika tano. Mshindi alipaswa kumlaza mwenzake chali, mabega yote mawili chini kwa hesabu ya tatu, au kumfanya asalimu amri, na afanye hivyo mara mbili. Au amwangushe asiweze kuinuka mpaka refa ahesabu kumi. Muda ukiisha kila mmoja akiwa na moja, ni sare. Mkorofi alipewa onyo la hadharani, akapewa la pili, na la tatu lilikuwa la kutolewa.

Sasa angalia kanuni hizo zinafanya nini. Mtu akilazwa mara ya kwanza, pambano halijaisha. Wanarudi kwenye pembe zao, wanapumzika kidogo, na raundi inayofuata inaanza wote wakiwa wamesimama. Aliyetangulia haruhusiwi kuendelea kumkandamiza aliyelegea. Hata katikati ya raundi, ukimwachia mwenzako akiwa chini, hupaswi kumvamia, unamsubiri ainuke. Kila kitu kimewekwa ili mizani irudi katikati. Mimi huwaambia vijana ninaowafundisha kwamba hii ndiyo sehemu iliyosahaulika zaidi: Waingereza hawakutegemea wachezaji walingane tu, walitunga kanuni zinazowasawazisha upya kila baada ya dakika chache.

Ndiyo maana hali ya kila mmoja kuwa na moja ilikuwa na nguvu sana. Wa kwanza anatangulia, labda raundi ya tatu. Wa pili anasawazisha raundi ya tano. Sasa imebaki raundi moja, kila mtu amechoka, kila mmoja ameshathibitisha kwamba anaweza kumlaza mwenzake, na saa inakwenda. Kengele ikilia hapo bila jibu la mwisho, watu hawakuona wameibiwa. Walikuwa wamelipia maswali na wameyapata mengi. Kwenye pambano la ubingwa, raundi zilifika 15 za dakika tano. Hesabu mwenyewe, ni saa moja na robo. Mfano ninaoupenda ulichezwa mbali na Uingereza: mwaka 1975 mjini Tokyo, Billy Robinson wa Manchester alicheza na Antonio Inoki dakika 60 kamili, kila mmoja akamshinda mwenzake mara moja, sare. Wajapani wanalitaja mpaka leo.

Labda utauliza kama ujuzi wenyewe ulikuwa wa kweli. Kwa wengi, ndiyo kabisa. Robinson alitoka kwenye jimu ya Billy Riley kule Wigan, iliyokuja kuitwa Shimo la Nyoka, mahali ambapo watu walishikana kwelikweli, bila mapatano, mpaka mmoja asalimu amri. Lancashire, mkoa wa Wigan, ilikuwa nchi ya machimbo ya makaa na viwanda vya nguo, na ule mtindo wao wa kushikana popote ulikuwa mchezo wa wafanyakazi kabla haujawa biashara ya ukumbini. Mtu aliyepita mle akikushika kiwiko kwenye televisheni, mshiko wenyewe ulikuwa wa kweli mpaka sentimita ya mwisho. Ile sentimita ndiyo iliyopangwa.

Wa kuwatafuta ni hawa. George Kidd wa Dundee, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi kwa zaidi ya miaka ishirini mpaka alipostaafu mwaka 1976, alikuwa fundi wa kutoka: alijikunja chini, kichwa kimezama magotini, mpinzani anamzunguka hajui ashike wapi. Johnny Saint akaichukua sanaa hiyo akaiendeleza, mwepesi, mpole, tabasamu kidogo mdomoni. Mtazame Saint akiwa na Steve Grey. Hapo hakuna adui. Wote ni wachezaji safi, na kama bado huoni raha, weka jicho lako kwenye miguu yao badala ya mikono. Utaona kwamba anayetoka alishaanza kutoka kabla hujajua amenaswa.

Hata hivyo, usidhani usawa maana yake ni upole. Kwa maoni yangu mapambano bora ya aina hii ni yale ambayo wamelingana kwa ujuzi lakini hawalingani kwa tabia, na hapo namtaja Jim Breaks wa Bradford, jirani zenu kabisa hapo Leeds. Breaks alikuwa fundi sawasawa na Saint. Lakini alikuwa mkorofi, mlalamishi, akibanwa kidogo anamlilia refa, na ukumbi mzima unamwimbia kwamba ni mtoto mlizi. Kazi yake ilikuwa mkono mmoja. Raundi ya kwanza anaupinda. Ya pili anaukanyaga, refa akiwa ameangalia pembeni. Ya tatu anaupinda tena palepale. Ukifika wakati wa ule mshiko wake maarufu, wa kumnyanyua mtu kwa mkono uliosokotwa, hakuna haja ya mtu kukueleza kwa nini mwenzake anasalimu amri. Umeuona mkono ule ukiharibika kwa dakika kumi na tano. Saint anarudi raundi inayofuata na mkono mmoja mzima, na lazima asawazishe. Mpaka hapo hata wewe utasahau kuuliza nani kapanga nini.

Tena msikilize mtangazaji, Kent Walton. Hapigi kelele. Anasema kwa sauti ya chini mshiko unaitwaje, unauma wapi, na nini kinaweza kuuvunja. Alifanya kazi hiyo kuanzia mwanzo mpaka ITV ilipoiondoa mieleka mwishoni mwa mwaka 1988, na nusu ya ujuzi wa mashabiki wa majumbani ulitoka mdomoni mwake.

Sasa nikupe na upande wa pili, maana sitaki umwendee mzee na habari za kusifia tu. Si kila pambano la wanaolingana lilikuwa zuri. Yapo ambayo wawili wanang'ang'aniana vichwa dakika tano, hakuna swali, hakuna jibu, na sare inakuja kwa sababu hakuna aliyekuwa na wazo. Na si kweli kwamba umma wote ulifuata ufundi. Waliojaza kumbi zaidi ni wakorofi, kina Mick McManus, ambao mabibi wa makamo waliwafuata mpaka kando ya ulingo kuwapiga kwa mikoba. Wapo waliokuja kwa hasira tu, wakarudi nyumbani wamepumua, na hilo nalo lilikuwa na thamani yake.

Halafu ikaja zamu ya majitu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Shirley Crabtree, aliyejulikana kama Big Daddy, akawa ndiye kila kitu. Watoto walimpenda, na sioni ubaya wa watoto kumpenda mtu. Lakini mwili wake haukuwa wa raundi nyingi, kwa hiyo mapambano yakafupishwa, yakajengwa kwa timu za watu wawiliwawili ili kijana mwepesi acheze na kupigwa, kisha Daddy aingie amalize kwa tumbo. Tarehe 18 Juni 1981 alikutana na Giant Haystacks pale Wembley Arena, pambano lililokuzwa kuliko mengine yote, na halikufika dakika tatu. Linganisha na ile saa moja na robo ya ubingwa. Mtu akiwa mkubwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kumjibu, mtazamaji ana kitu kimoja tu cha kusubiri, na akishakiona mara kumi hana cha kurudia. Siwezi kusema hilo peke yake ndilo lililoiua mieleka kwenye televisheni. Ladha za watu na mipango ya wakubwa wa ITV nazo zilibadilika. Ila mafundi wa enzi hiyo wengi waliondoka nalo moyoni, na wazee wengi niliozungumza nao huanza kupunguza sauti ya hadithi yao wakifika hapo.

Kwa huyo mzee wako, basi, sikushauri umwombe radhi kwa hotuba. Siku ukienda, mwambie akuwekee Saint na Breaks, na katikati umuulize swali moja: "Hapo anatokaje?" Mwache aeleze. Usimkatize hata kama unajua. Kama anakumbuka majina ya mishiko, akuonyeshe kwenye mkono wako, polepole, wote mmeketi. Nakuomba tu kitu kimoja kama mtu wa kazi hiyo: asisimame kukuonyesha, na wewe usimsokote yeye. Mifupa ya uzeeni haihitaji nguvu nyingi kuvunjika.

Ukiona mieleka yenyewe haimpendezi tena, au ule ununaji haukuwa wa siku moja tu bali amebadilika, hali chakula vizuri, hasemi, halali usingizi, hilo si suala la mieleka. Mwambie msimamizi wako na familia yake, aonwe na daktari wake. Sitaki ulibebe peke yako ukidhani ni neno lako lililofanya hivyo.

Sasa kijana. Kupenda kwake ni jambo jema, na siungi mkono kumkataza kabisa. Mtoto wa miaka 14 ukimfungia mlango wa sebule atahamia chumbani na mwenzake, bila mtu mzima. Lakini daraja la shingo hujengwa kwa miezi, likianza na mikono ikibeba uzito, juu ya mkeka wa mazoezi, na mwalimu akiwa pembeni. Wale mabwana wa kwenye video walianza udogoni na shingo zao zilikuwa zimekomazwa. Mwanao anaweka uzito wake wote juu ya pingili za shingo kwenye zulia. Mishiko ya shingo na ya koo pia aiache, kwa sababu hapo ndipo wawili wakicheza hakuna anayejua ni wakati gani mchezo umegeuka ajali. Ya kifundo anaweza kuijaribu taratibu, kwa sharti la zamani la jimu: mwenzako akikugonga kwa kiganja mara mbili, unaachia papo hapo, huulizi kwa nini.

Njia bora ni kumtafutia klabu. Uingereza kuna klabu za mieleka ya Olimpiki zinazopokea vijana, na ule mtindo wa Lancashire bado unafundishwa Wigan, ambako jina la Shimo la Nyoka limehifadhiwa mpaka leo. Nenda naye mara ya kwanza, ukae utazame. Mwalimu mzuri utamjua kwa jinsi anavyofundisha kuanguka kabla ya kufundisha kushika, na kwa jinsi anavyopanganisha watoto: kwa uzito na uzoefu, si kwa nani kawahi kufika. Ukiona mtoto wa kilo 45 amepewa wa kilo 70 "amkomaze", chukua begi la mwanao mwondoke.

Na kama tayari analalamika shingo, usimpake dawa ya kuchua ukasubiri. Maumivu yanayoshuka mkononi, ganzi au kuwashwawashwa vidoleni, udhaifu wa mguu au mkono, kichwa kuuma sana baada ya kuanguka, au kutapika: hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Akianguka akaumia shingo na hawezi kuigeuza, au hana nguvu mwilini, usimwinue. Mwache alivyolala, piga 999, na ukae naye mpaka wafike.